Mwangwi wa Futi Mia Tano na Hamsini

Nimeona aibu nyingi. Nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya kwaya nzima ikitoka kanisani, na nimewahi kumkumbatia mama wa watu kwa furaha nikidhani ni shangazi yangu, lakini aibu zote hizo ukizirundika pamoja hazifikii ile ya siku ya kengele. Mpaka leo kuna wazee kule Gilgil wakiniona sokoni hawaniamkui kama watu wengine, wananiuliza tu, "Mwalimu, leo kuna moto?" halafu wanacheka mpaka wanashika magoti. Sasa kwa vile mmenisumbua niwaeleze mwenyewe, badala ya kusikia kwa watu wanaotia chumvi, nitasema, na mtu akicheka kabla sijamaliza nanyamaza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mimi kijana wa miaka ishirini na mbili, mwalimu asiye na cheti katika shule ya watoto wa wafanyakazi, kwenye shamba la mzungu mmoja kati ya Gilgil na ziwa la Elmenteita. Shule yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vya mbao na mabati, na walimu tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa darasa la wadogo, mtu aliyejaliwa busara ya kukaa kimya, ambayo mimi sikujaliwa. Mwenye shamba tulimwita Kofia Mbili kwa sababu alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuogopa jua (si mzaha, wazungu wengi siku zile walifanya hivyo, na hakuna aliyetueleza jua la huku limewakosea nini).

Mwalimu asiye na cheti alikuwa mtu wa kuambiwa ondoka wakati wowote, hata katikati ya somo. Njia ya kupata cheti ilikuwa chuo cha ualimu, na kwa upande wetu mwaka ule tuliambiwa nafasi ni moja tu. Supavaiza wa shule, Mwafrika mwenzetu, mtu mpole mwenye viatu vilivyong'aa hata katika vumbi la Januari, angezunguka shule zote na baiskeli yake, asikilize somo moja la kila mwalimu, kisha aandike barua moja kwa ajili ya mwalimu mmoja. Barua hiyo niliitaka kuliko chakula. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba ni yangu, na mama alikuwa ameshaliambia kanisa zima, kwa hiyo unaona nilikuwa nimesimama wapi.

Na kazi yenyewe haikuwa ngumu, hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Supavaiza aliniletea kikaratasi cha kusema nitafundisha kuota kwa mbegu. Mbegu, basi. Unachukua maharage, unayaweka kwenye kopo lenye pamba mbichi, unasubiri siku nne, unawaonyesha watoto mzizi uko huku na jani liko huku, wanachora, wanapiga makofi, supavaiza anaandika barua, unakwenda chuoni. Maharage nilikuwa nayo. Kopo nilikuwa nalo. Yalikuwa yameshaota, yamekaa dirishani yananitazama.

Lakini mimi nilikuwa nasoma masomo ya posta. Kila mwezi nilipata kijitabu cha sayansi kutoka Nairobi, na mwezi ule kilikuwa cha mawimbi, nami nilikuwa nimekisoma mara tatu na kuvimba kichwa. Nilikuwa nimejua kwamba wimbi, liwe la maji, la kamba au la sauti, lina urefu wake, kutoka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa linalofuata, na kwamba ukijua urefu huo, na ukajua katika sekunde moja yanapita mawimbi mangapi, unazidisha hizo mbili na unapata spidi. Hesabu ya mstari mmoja. Nikajiuliza, sasa walimu wote wa wilaya hii watafundisha maharage, supavaiza atakuwa ameona maharage mpaka anaota maharage, nani atamkumbuka mwenye maharage mazuri zaidi? Nikaamua nitafundisha mawimbi. Uamuzi mdogo tu, niliufanya nikiwa nakunywa uji.

Mawimbi ya kamba yalikuwa rahisi, maana kamba ya katani haikosekani shambani. Lakini kamba haikunitosha (mtu akishavimba kichwa hakuna kinachomtosha). Nilitaka sauti. Kijitabu kilisema sauti inakwenda futi elfu moja na mia moja kwa sekunde, nami nikataka kuipima mwenyewe, mbele ya watu, bila chombo chochote cha maabara, ili supavaiza aone kuna mtu.

Vitu viwili nilikuwa navyo. Cha kwanza, nyuma ya shule, ng'ambo ya uwanja wa nyasi, kulikuwa na ukuta wa mawe ulionyooka kama umejengwa, na ukipiga kelele shuleni ukuta unakurudishia kelele zako. Cha pili ni kengele ya shamba. Ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mti wa mgunga, hatua chache kutoka mlango wa darasa langu, na nyundo yake imefungwa pembeni. Kengele hiyo ndiyo iliyotuamsha, ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyotulaza. Kila mtu wa shamba lile, mpaka mtoto anayetambaa, alijua lugha yake. Ikipigwa polepole, pigo, unavuta pumzi, pigo, unavuta pumzi, hiyo ni kazi, watu wanajikokota kwenda kuhesabiwa. Ikipigwa mbiombio bila nafasi, hiyo ni moto wa nyasi, na hapo unaacha chochote ulicho nacho mkononi, unachovya gunia majini, unakimbia. Na ilikuwa Januari, nyasi zimekauka, na wiki mbili nyuma moto ulikuwa umekula malisho ya shamba la jirani na nusu ya zizi la kondoo. Watu walikuwa wanalala sikio moja likiwa wazi.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Ukipiga kengele, sauti inakwenda ukutani na mwangwi unarudi. Ukipiga tena na tena na tena, na ukarekebisha mwendo wako, utafika mahali ambapo mwangwi wa pigo moja unaangukia juu ya pigo lingine, husikii mwangwi kabisa, umemezwa. Hapo unahesabu umepiga mara ngapi kwa dakika, na umejua mara ngapi kwa sekunde. Urefu, yaani kutoka kengele mpaka ukutani, unao, basi spidi unaipata. Nikachukua kamba, nikapima kutoka kengele mpaka ukutani: futi mia tano na hamsini, barabara. Jioni ile, jua bado lipo, nikakaa kizingitini na penseli nikapiga hesabu kabla, ili siku ya somo nisibabaike. Elfu moja na mia moja gawanya kwa mia tano na hamsini. Mbili. Mapigo mawili kwa sekunde, mia moja na ishirini kwa dakika. Nikafurahi jinsi ilivyogawanyika bila baki. Hesabu isiyo na baki ina namna ya kumdanganya mtu.

(Walio na akili miongoni mwenu wameshaona. Nyamazeni, waachieni wengine.)

Nikaenda kuomba ruhusa kwa Mzee Tonui, nyapara, mwenye kengele. Mzee huyu hakujua kusoma wala kuandika, lakini kazi ya shamba zima aliibeba kichwani, na alikuwa na heshima ya kuogopwa. Nilimkuta joshoni, anakagua dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Mzee," nikamwambia, "kesho nataka kutumia kengele kwa somo. Kidogo tu."

Akanitazama. "Kengele inafundisha nini?"

"Spidi ya sauti, mzee."

"Sauti." Akafikiri. "Sawa mwalimu. Lakini usiharakishe hiyo kitu. Unajua ukiharakisha watu watakuja."

"Sitaharakisha, mzee wangu."

Na nilisema kweli, wallahi, kwa sababu mia moja na ishirini kwenye karatasi haikuonekana kuwa na haraka yoyote. Namba kwenye karatasi haina sauti. Sikuwa nimewahi kusimama hata nusu dakika nikaipiga kwa kiganja changu kwenye meza nione inafanana na nini.

Siku ikafika. Supavaiza akaja saa nne asubuhi, akafuta viatu vyake kwa kitambaa, akakaa nyuma ya darasa na daftari lake. Nikaanza na kamba. Nikamshikisha Barnaba ncha moja (Barnaba alikuwa darasa la saba na alikuwa na ndevu, siku zile wanafunzi walikuja walipoweza), nami nikatikisa ncha ya pili, na mawimbi yakapita mazuri kama nyoka anayevuka barabara. Tukapima, kutoka mgongo mpaka mgongo futi nne, na mawimbi matatu kwa sekunde. "Spidi ni ngapi?" Mikono ikaenda juu. Tabitha, msichana mmoja mkimya aliyekaa karibu na dirisha penye yale maharage, akasema, "Futi kumi na mbili kwa sekunde, mwalimu." Nikawauliza, na wimbi moja linachukua muda gani kupita? Tabitha tena, "Sehemu ya tatu ya sekunde." Nikamwona supavaiza anaandika, na anaandika huku anatabasamu, na mtu wa kawaida angeishia hapo, angesema asanteni watoto, tufunge vitabu, angekwenda chuoni na mama yake angeinua uso kanisani.

Mimi nikasema, "Sasa tutoke nje tupime sauti."

Nikawapanga darasa lote kando ya mgunga, nikamwomba supavaiza atusaidie na saa yake ya mkononi iliyokuwa na mshale wa sekunde (nilijua atapenda kuombwa), nikamwambia Tabitha ahesabu mapigo. Nikashika nyundo mwenyewe. Nikasimama nikiuelekea ukuta wa mawe, mgongo wangu kwa shamba zima, nami nawaomba mkumbuke hilo la mgongo.

Nikaanza polepole. Pigo, na mwangwi unakuja nyuma yake, kisha pigo. Nikaongeza kidogo. Mwangwi ukasogea. Nikaongeza tena, mpaka nikawa napiga kama mtu anayetembea bila haraka, mara moja kwa sekunde hivi, na mwangwi ukapotea kabisa. Ukamezwa. Palibaki mlio mmoja safi.

"Mwalimu," Tabitha akasema, "zimelingana."

"Bado," nikasema.

"Mwalimu, siusikii mwangwi tena."

"Tabitha, bado. Hesabu inasema mia moja na ishirini, hapa hatujafika hata nusu." Angalieni nilivyosema, hata nusu, na ilikuwa nusu kamili. Masikio ya watoto thelathini na tano yananiambia tumefika, masikio yangu mwenyewe yananiambia tumefika, nami naiamini penseli. Nikaongeza mwendo. Mwangwi ukatoka tena, ukawa unaanguka katikati ya pigo na pigo, Tabitha akasema kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake, "Sasa zimeachana," nikamwambia subiri, nikaongeza, nikaongeza, na nilipofika mapigo mawili kwa sekunde mwangwi ukamezwa tena, kama karatasi yangu ilivyosema. Jasho linanitoka, nyundo inaruka, na moyoni nimejaa furaha. Nikapaza sauti, "Bwana Supavaiza, anza kuhesabu dakika."

Akahesabu dakika. Dakika nzima, mbiombio, bila nafasi. Tabitha akasema mia moja na kumi na tisa. Na kwa sababu kijitabu kilisema jaribio moja halitoshi, mwanasayansi hurudia, nikarudia dakika nyingine nzima.

Katikati ya dakika ya pili nikaona watoto hawanitazami mimi, wanatazama nyuma yangu. Nikawagombeza. "Macho huku." Hakuna aliyegeuka. Barnaba akasema, "Mwalimu, wanakuja." Nikamwambia wacha waje, nikidhani ni wazazi wawili watatu wamekuja kuona somo, na niliona hiyo ni heshima. Nikamaliza mapigo yangu mia moja na ishirini, nikashusha nyundo, nikageuka.

Shamba lote lilikuwa linanijia. Wanawake waliokuwa wakipalilia viazi wanakimbia na matawi mabichi mabegani. Wakamuaji wanakimbia na magunia yanayotiririka maji, na mmoja alikuwa bado ameshika kigoda chake cha kukamulia. Mpishi wa Kofia Mbili anakimbia na aproni nyeupe na debe. Trekta inakuja na tela la pipa la maji, dereva amesimama. Ng'ombe wa josho, walioachwa peke yao, walikuwa wanatembea taratibu kuingia kwenye lusani ya mzungu (majani ya malisho yaliyopandwa), ambayo kwa siku za kawaida ng'ombe akiinusa tu mtu anafukuzwa kazi. Na mbele ya wote, mbele ya vijana wote, anakuja Mzee Tonui, mtu wa miaka sitini na ushei, buti moja mguuni na mguu wa pili mtupu, gunia la maji begani, hawezi kupumua.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Mengine ni kichekesho, lakini yule mzee na ule mguu mtupu viliniuma kweli.

Akasimama mbele yangu. Wote wakasimama. Watu kama mia na hamsini, vifua vinapanda na kushuka, wananusa upepo, wanatafuta moshi. Hakuna moshi. Kuna mimi na nyundo.

"Moto iko wapi?" akauliza Mzee Tonui.

Landrova ya Kofia Mbili ikafika kwa vumbi, akashuka, kofia zote mbili zimekaa upande.

"Nani napiga kengele?"

"Ni mimi, bwana."

"Wapi moto?"

"Hakuna moto, bwana. Tulikuwa tunapima mawimbi."

Nikaona kila mtu anageuza shingo kutazama upande wa ziwa, ambalo liko maili kadhaa huko chini na halijawahi kumdhuru mtu. Mama mmoja akashusha tawi lake akauliza jirani yake, si kwa kunong'ona, "Huyu mwalimu amekula leo?" Hapo kicheko kikaanza, kikaanzia kwa wakamuaji, kikapita kwa wanawake, na kikafika mpaka kwa darasa langu mwenyewe. Kofia Mbili hakucheka. Aliona ng'ombe zake katika lusani akasema maneno ya Kiingereza ambayo hayakuwa katika kijitabu changu, akarudi ndani ya landrova, na wakamuaji wakakimbia tena, safari hii kuokoa ng'ombe wasivimbe matumbo.

Nikamgeukia supavaiza. Nilikuwa na tumaini moja limebaki, hesabu. Nikamwambia, "Bwana, angalau jibu limetoka. Urefu wa wimbi futi mia tano na hamsini, mara mbili kwa sekunde, ni futi elfu moja na mia moja. Ni sawasawa na kitabu."

Alikuwa anafuta viatu vyake tena. Akaniuliza, kwa upole ule ule uliokuwa mbaya kuliko ngumi, "Mwalimu, sauti ilipofika ukutani, ilibaki huko?"

"Hapana bwana, ilirudi."

"Basi ilitembea futi ngapi?"

Wenzangu, nilisimama pale kinywa wazi mbele ya watu wote wale. Niliona kila kitu kwa mara moja. Tabitha, ambaye hakuwa na ubaya wowote moyoni, alidhani labda sikusikia swali, akanisaidia: "Futi elfu moja na mia moja, mwalimu. Ilikwenda na ikarudi. Kwa hiyo ni mara moja tu kwa sekunde. Ilikuwa pale tuliposema."

Pale tuliposema. Mara moja kwa sekunde, pigo, unavuta pumzi, pigo. Mwendo wa kengele ya kazi. Kama ningepiga hesabu sawasawa, au kama ningemsikiliza msichana mmoja tu, watu wangeinua vichwa shambani wakashangaa mbona leo kazi inaitwa mara mbili, wakaendelea na viazi vyao. Yule mzee angekuwa na buti zote mbili. Nimewahi kukosea hesabu kabla na baada, lakini sijawahi kukosea hesabu ikakimbiza watu mia na hamsini.

Supavaiza akaandika mstari mmoja katika daftari lake, akalifunga. Akamwuliza Tabitha jina la baba yake. Mimi hakuniuliza kitu. Alipokuwa anapanda baiskeli alitazama dirishani akasema, "Maharage yako yameota vizuri," akaenda zake. Barua ile alipewa mwalimu mmoja wa upande wa Kariandusi, na nilisikia alifundisha nini, na sitawaambia kwa sababu mnajua.

Mchana Kofia Mbili akaniita ofisini, na aliyeniokoa nisifukuzwe siku ile ile ni Mzee Tonui. Alisimama mlangoni akasema, "Bwana, huyu wachia mimi." Wakazungumza kidogo, nikaambiwa nitoke na mzee.

Tulitembea mpaka kwenye mgunga. Nilimwomba radhi, nikasema nilitakiwa kumsikia kama mwana amsikiavyo baba, na kwamba nimeona aibu na najuta. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Watu walikimbia kwa moto wako, mwalimu. Sasa wewe utalima njia ya moto." Njia ya moto, kwa wasiojua, ni ukanda wa ardhi unaolimwa katika nyasi kavu ili moto ukifika ukose cha kula. Akanyoosha kidole. "Kutoka kengele mpaka ukuta wa mawe. Umepima wewe mwenyewe, unajua ni ngapi."

Futi mia tano na hamsini. Nilizijua sana.

Nililima kila siku baada ya masomo, jembe la mkono, jua la Januari, udongo mgumu kama kizingiti, na kila kengele ya jioni ilipopigwa watu walipita kwenye njia ya nyumbani wakiniamkua kwa adabu, "Pole na mawimbi, mwalimu," mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Mikono ikavimba, ikapasuka, ikakauka. Siku ya tisa nikafika ukutani. Niligusa mawe yale kwa paji la uso, sioni haya kusema. Nikarudi mpaka kwenye mgunga, ambapo Mzee Tonui alikuwa ameketi juu ya jiwe anavuta ugoro, nikaweka jembe chini mbele yake.

"Nimemaliza, mzee."

Akatazama kengele. Akatazama ukanda wangu ulionyooka mpaka kule ukutani. Akakung'uta vidole.

"Hapo umekwenda," akasema. "Na kurudi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Njia ya moto halisi huwa ina mistari miwili, nyasi za katikati zinachomwa kwa uangalizi, na hilo alilijua tangu siku ya kwanza, lakini alikuwa amesikia swali la supavaiza vizuri kuliko mimi, akaliweka akilini, akalisubiri siku tisa. Nikaokota jembe. Nilianzia ukutani safari hiyo, nikija kengele, siku nyingine tisa, na kila pigo la jembe nilijiambia kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na sikupiga kengele ile tena maisha yangu yote, hata nilipoombwa.

Mwaka uliofuata supavaiza alikuja tena na viatu vyake, nami nikafundisha maharage. Mzizi huku, jani huku. Nikapata barua. Na chuoni, siku ya kwanza ya somo la sauti, mkufunzi aliandika ubaoni hesabu ya mwangwi, ukuta uko futi kadhaa, mtu anapiga makofi, akauliza ni kosa gani wanafunzi wote hufanya hapa. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza, nikamwambia ni safari ya kurudi, wanaisahau. Akapendezwa, akauliza nilifundishwa na nani.

Nikamwambia, jembe.